Jina la Dada, Kazi ya Mjakazi

Apitaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, asubuhi, hakosi kumwona: binti mdogo, kikapu kizito mkononi, nyuma ya mama mwenye nyumba. Ukiuliza ni nani, utajibiwa papo hapo: "Huyu ni dada tu, tunaishi naye kama mwanetu." Jibu hilo, wasomaji wapenzi, ni kongwe, na wakoloni walilipokea kwa mikono miwili.

Hong Kong, chini ya Waingereza, mabinti wa Kichina waliuzwa wangali wadogo, wakatumikishwa majumbani bila ujira. Wakiitwa mui tsai, yaani dada mdogo. Mabwana zao walidai kuwa hiyo ni desturi, tena hisani kwa mafukara. Na serikali ikaridhia. Mwaka 1922 Winston Churchill, Waziri wa Makoloni, alitaka jambo hilo likome ndani ya mwaka mmoja. Sheria ikatungwa 1923, lakini kipengele cha kuwaandikisha mabinti na kuwalipa kikalazwa hadi 1929. Mwaka huohuo wa 1922, chini ya Wizara ileile, utumwa ulipigwa marufuku Tanganyika. Na hapa Unguja, amri ya Aprili 1897 iliwaacha nje masuria hadi 1909, kwa kuwa ati wao ni watu wa ndani. Daima mwanamke wa ndani ndiye wa mwisho kufikiwa na uhuru.

Leo hatuna mkoloni wa kumlaumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Amri ya mishahara ya 2013 ilimpangia mtumishi alalaye kwa mwajiri wa kawaida shilingi 40,000 kwa mwezi. Kiasi duni, na hata hicho wapo wasiokitoa.

Watasema: tumemwokoa na njaa ya kijijini, anakula, analala, anataka nini zaidi? Basi na tupime udugu huo. Mwanao huamka saa ngapi, naye huamka saa ngapi? Mwanao anasoma wapi, naye anasoma wapi? Akiugua, nani hupika? Chakula cha mfanyakazi si sadaka, wala mkeka wa jikoni si mshahara.

Hong Kong inatufunza kuwa sheria isiyo na mkaguzi ni karatasi. Na wakaguzi wafike Kariakoo, Upanga na hapa Mji Mkongwe, mkataba uandikwe, ujira utiwe mkononi mwake mwenyewe, si wa mjomba aliyemleta. Nasi washairi, tuliomsifu bibi arusi kwa beti zisizohesabika, tumtungie japo ubeti mmoja aliyemfulia kanga. Kumwita dada ni rahisi. Tumlipe kwanza.