Nesi Naye Apewe Kinywa Katika Chumba cha Upasuaji



Katika gazeti letu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, posho na nyumba za lebu. Leo twataka kuzungumza juu ya hospitali, maana mfanyakazi akishalala juu ya meza ya kupasuliwa, mshahara haumsaidii kitu.

Mwenzetu mmoja, mkata miwa katika shamba moja huku kwetu Uganda, alikuwa na ngiri upande wa kulia. Alipelekwa hospitali, akapigwa nusu kaputi, akapasuliwa. Alipozinduka alikuta kidonda upande wa kushoto. Ikabidi apasuliwe tena. Akalala kitandani wiki nyingi, na msimamizi akamwandikia kuwa ni mtoro. Tulipokwenda kumtetea, nesi mmoja alitunong'oneza kwamba aliona kosa kabla kisu hakijagusa mwili. Tukamwuliza, kwa nini hukusema? Akajibu, "Nani atamwambia daktari?"

Ndugu zetu, jibu hilo tunalijua. Ndilo jibu la kijana wa kiwandani anayesikia mashine inalia vibaya lakini anamwogopa fomeni. Anakaa kimya mpaka mkanda unamkata mtu mkono.

Liko jambo ambalo kila tawi lapaswa kulijua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya upasuaji. Ni karatasi moja tu, yenye mambo 19. Hukaguliwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Mgonjwa huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande gani? Umetiwa alama? Iko dawa inayomdhuru? Kile kifaa cha kidoleni cha kupima hewa katika damu kinafanya kazi? Dawa ya kuzuia kidonda kisioze imetolewa katika dakika 60 zilizopita? Na mwisho: sindano, vyombo na vitambaa vimehesabiwa, vyote vimetimia?

Karatasi hii ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane ya dunia, tangu mwaka 2007 hadi 2008. Moja ilikuwa hapa kwa jirani zetu, Ifakara, Tanzania. Nyingine zilikuwa katika miji mikubwa kama London na Toronto. Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kabla ya orodha, katika kila wagonjwa 1,000 waliopasuliwa walikufa 15. Baada yake walikufa 8. Waliopata madhara makubwa walishuka kutoka 11 katika kila 100 hadi 7. Haikujengwa hospitali mpya, wala hakikununuliwa chombo cha mamilioni. Watu waliulizana maswali, basi.

Katika orodha hiyo limo jambo moja linalotuhusu sana sisi wa vyama. Kabla ya kukata, kila mtu aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Daktari anataja, nesi anataja, na mtoa usingizi anataja. Mtu akishataja jina lake mbele ya wenzake, si rahisi tena kumeza neno. Hapo nesi amepewa kinywa.

Lakini tusidanganyane. Karatasi peke yake haiponyi mtu. Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, hospitali ziliamriwa kutangaza wazi jinsi zinavyotumia orodha hizo. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza kwamba katika hospitali 101 walizochunguza, vifo havikupungua kwa kiasi cha kutosha kusema orodha imefanya kazi. Sisi hilo halitushangazi. Ni mara ngapi tumeona kiwandani kitabu cha usalama kikitiwa sahihi kila asubuhi na mtu ambaye hata mashine hakuikaribia? Kanuni inayoshushwa kutoka juu, bila kufundisha watu na bila kuwalinda wanaosema, huwa ni wino tu.

Wako watakaosema, chama kisiingie katika kazi ya madaktari. Twajibu: hatutaki kushika kisu. Hatumfundishi daktari kupasua, wala hatuna ugomvi naye. Daktari aliyefanya kazi usiku kucha ni mfanyakazi kama sisi, na kuchoka anachoka kama sisi. Tena nesi ni dada yetu, naye ana haki ya kusema bila kuhamishwa wala kufukuzwa. Tunachotaka ni ukaguzi uwepo na usemwe kwa sauti, maana mwili unaopasuliwa ni wa mwanachama wetu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, pale ambapo kampuni ina hospitali yake au inalipia hospitali fulani, mkataba wetu wa kazi useme wazi kwamba orodha hii itumike. Pili, nesi au dresa anayesimamisha kazi kwa sababu ameona hatari asiadhibiwe. Tatu, siku ambazo mgonjwa amelazwa kwa kosa la hospitali zisihesabiwe kuwa utoro. Nne, kila mwanachama anayekwenda kupasuliwa asindikizwe na mwenzake au ndugu yake, nao waulize kabla ya usingizi: mnapasua nini, upande gani, na alama iko wapi?

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Yule mkata miwa hakuuliza, kwa kuwa aliambiwa alale anyamaze. Leo ana makovu mawili, na mzigo wa miwa hauwezi tena.

Wenyeviti wa matawi, lisomeni jambo hili mkutanoni kabla hatujakaa tena mezani na waajiri.

Umoja ni nguvu.