Chumba cha Meli Kipimwe kwa Miguu ya Mtoto

Kila askari aliyefundishwa kazi yake anajua kwamba afikapo mahali pageni, jambo la kwanza si kutafuta pa kulala. Hutazama njia ya kuingilia na njia ya kutokea, akajua handaki liko wapi na mwenzake yuko upande gani. Mazoea hayo ndiyo yanayomrudisha nyumbani. Lakini askari huyo huyo, siku apatapo likizo na kupanda meli pamoja na mkewe na watoto wadogo, mara nyingi huyaacha mazoea yake bandarini. Huuliza bei ya chumba, huuliza kama kina dirisha la kutazamia maji, kisha hulipa na kulala. Sisi twasema kwamba huo ni upungufu, na yafaa urekebishwe kabla tiketi haijakatwa.

Jambo lenyewe si dogo. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1994, meli Estonia ilizama katika Bahari ya Baltiki, ikitoka Tallinn kwenda Stockholm. Watu 852 walikufa, 137 wakaokoka. Miongoni mwa hao 137 hapakuwa na mtoto hata mmoja wa chini ya miaka 12. Kishindo kikubwa kilisikika yapata saa saba na robo usiku, na kabla ya kutimia saa nane meli ilikuwa imekwisha kuzama. Baadhi ya vyumba vilikuwa chini kabisa, chini ya sitaha ya magari. Waliolala humo iliwabidi kupanda ngazi baada ya ngazi hali meli inalala ubavu. Mtu mzima mwenye nguvu aweza kujivuta kwa mikono. Mtoto wa miaka minne hawezi, na mama aliyembeba mtoto hana mkono wa kushikia.

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Tarehe 21 Mei 1996, katika Ziwa Victoria hili letu, meli MV Bukoba ilipinduka ilipokuwa ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Wengi walinaswa ndani. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa wameandikwa majina, lakini wale wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tangu siku hiyo, mzazi yeyote wa kandokando ya ziwa hili hana udhuru wa kusema kwamba hakujua.

Basi chumba kichaguliweje? Kwanza ni mahali pake. Meli ikipigwa na mawimbi, omo na tezi hupanda na kushuka, lakini katikati hutulia. Kwa hiyo chumba cha katikati ya meli ni bora kuliko cha mwisho wake, maana mtoto hatapika sana wala haanguki ovyo kitandani. Wako wanaosema kwamba vyumba vya chini kabisa ndivyo vitulivu kupita vyote. Hilo ni kweli, lakini utulivu huo hununuliwa kwa safari ndefu ya ngazi siku ya hatari. Sisi twapendelea chumba cha sitaha ya kati, karibu na ngazi, na ikiwezekana sitaha ile ile yenye mahali pa kukusanyikia abiria. Twasema ngazi, si lifti, kwa sababu wakati wa hatari lifti haitumiki.

Pili ni roshani. Katika meli kubwa za matembezi, chumba chenye roshani husifiwa kuliko vingine na hutozwa bei kubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa abiria wa meli hizo inadai ukuta au vyuma vya kuzuia viwe na kimo cha inchi 42, yaani kiasi cha sentimita 107. Kimo hicho chamtosha mtoto aliyesimama sakafuni. Lakini roshanini huwekwa viti na meza, na mtoto wa miaka mitatu akiona kiti huona ngazi. Mwenye watoto wa umri huo na achukue chumba cha ndani, au chenye dirisha lisilofunguka. Uzuri wa bahari watautazama wote kutoka sitahani, mikono ya watoto ikiwa imeshikwa.

Tatu ni namna ya kulala. Jamaa ya watu sita huenda ikagawiwa vyumba viwili. Iulizwe mapema kama viko vyumba vyenye mlango wa kupitia ndani. Visipopatikana, baba alale chumba kimoja na mama chumba cha pili, asiwepo mtoto mdogo anayelala pasipo mtu mzima. Kitanda cha juu si cha mtoto mdogo. Milango ya meli ni mizito, na meli ikiyumba hujifunga kwa nguvu; vidole vya mtoto havishindani nayo.

Nne ni jaketi la kuokolea. Kanuni za kimataifa zinataka meli ichukue majaketi ya watoto yasiyopungua asilimia 10 ya hesabu ya abiria, au zaidi, ili kila mtoto apate lake. Wachanga nao wana ya kwao. Jaketi la mtu mzima humchopoka mtoto majini. Hatuna budi kuyadai ya watoto saa ile ile tuingiapo, na kuwavisha tukajaribu. Ilipopata ajali meli Costa Concordia huko Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32, abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi la kukusanyika. Tangu mwaka 2015 kanuni inataka zoezi hilo lifanywe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Askari anayelikwepa ili akanywe chai, hali watoto wake wanamtazama, anawafundisha nini? Honi saba fupi na moja ndefu, hata mtoto wa miaka sita aweza kufunzwa maana yake.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba mshahara wa askari hauchagui chumba. Lakini chumba cha ndani kisicho na dirisha, katikati ya meli, aghalabu ni miongoni mwa vyumba vya bei ya chini. Anayelipia zaidi ni yule apendaye kutazama maji. Tena kuuliza hakulipiwi. Itasemwa pia kwamba ajali haina kinga, na siku ikifika imefika. Maneno hayo hatuyasemi kwenye uwanja wa shabaha, wala hatumruhusu kuruta kuacha kofia ya chuma kwa sababu hiyo. Mbona tuyaseme juu ya watoto?

Wengi wetu hatutapanda meli zenye vyumba. Tutahamishwa kwenda visiwani, na safari ya kivuko kutoka Nakiwogo hadi Lutoboka ni ya saa chache tu za mchana. Kanuni ni ile ile. Jamaa ikae karibu na njia ya kutokea, isiketi ndani ya gari lililopakiwa, na watoto wavae majaketi tangu gatini. Chombo kikizidi watu, tushuke. Tarehe 24 Novemba 2018 mashua MV Templar ilizama katika maji ya Mukono, ikiwa na watu wengi kupita kiasi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hapa twajisema wenyewe: sare isiwe tiketi ya kumpandisha mtu wa ziada. Askari anayejipenyeza katika chombo kilichojaa huwasukumia hatari watoto wa wenzake pamoja na wa kwake.

Liko zoezi moja lisilo na gharama, nalo twalipendekeza kwa kila baba na kila mama. Mkiisha kuweka mizigo chumbani, mshikeni mkono mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kutembea, mwende naye hadi mahali pa kukusanyikia, kwa mwendo wake yeye. Hesabuni milango, hesabuni vidato vya ngazi, tazameni saa. Kisha rudini njia ile ile, mkipapasa ukuta kana kwamba taa zimezimika. Ikiwa njia hiyo yamshinda mtoto mchana, meli ikiwa imetulia, haitamwezekania usiku. Hapo mwendeeni karani wa meli mkaombe chumba kingine, mapema, kabla kamba hazijafunguliwa.