Gofu Pwani: Chagua saa kabla ya uwanja

Msomaji, ukishuka Pwani kwa gari na fimbo zako za gofu, viwanja vya kustahili safari havikosi. Diani kuna Leisure Lodge, na kaskazini kuna Nyali na Vipingo, kila kimoja mashimo 18. Wengi huvikimbilia hivyo, wakaipita Klabu ya Gofu ya Mombasa kwa kuwa ina mashimo tisa tu. Mimi kama daktari ningemwanzisha mgeni hapo, kando ya bahari.

Sababu ni joto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na ni baridi. Pwani hewa imejaa unyevu, kwa hivyo jasho hutiririka bila kukauka na mwili haupoi. Mwili huhitaji wiki moja au mbili kulizoea joto hilo, na likizo ya wengi ni siku nne.

Basi usicheze siku uliyofika. Baada ya kilomita 480 barabarani, lala. Kesho yake anza alfajiri, tembea kwa miguu, na unywe maji kabla ya kuona kiu. Bia ingoje jioni. Ikiwa unatumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, muulize daktari wako kabla ya safari.

Ukipatwa na kizunguzungu au kichefuchefu, acha mchezo uende kivulini. Mwenzako akianza kupayuka ovyo, mmwagieni maji na kumkimbiza hospitali. Mashimo yaliyobaki yatawangoja.