Tutume Kilichobadilika, Tusifute Kilichokuwapo

Mhariri wa tenzi akibadilisha neno moja katika ubeti mmoja, kwa nini aitume upya diwani nzima kwenye ghala la mbali? Jibu lilipatikana mwaka 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras walipotoa programu ya rsync nchini Australia. Kwa kawaida programu hiyo hutazama kwanza ukubwa wa faili na wakati lilipobadilishwa, lisilobadilika hulipita. Lililobadilika hulinganishwa kipande kwa kipande na nakala ya kule, kisha husafirishwa yale tu yasiyokuwako. Kwa anayehesabu bando lake, hiyo si nafuu ndogo.

Ila nafuu hiyo hupenda maandishi matupu. Faili lililobanwa, kama yalivyo ya docx, likiguswa herufi moja huweza kugeuka sehemu kubwa. Ndiyo maana nashikilia kwamba beti zetu ziandikwe bila mapambo.

Hofu yangu hasa ni nyingine. Wengi huuita usawazishaji huu hifadhi, nao sio. Ghala la mbali hufuata la nyumbani, na kosa hufuata vilevile. Mhariri akiisanifisha “ndia” ikawa “njia”, neno la mshairi limetoweka pande zote mbili. Rsync ina chaguo la --backup, linaloweka kando toleo lililotangulia. Wahariri walitumie kila mara, kwani “ndia” ile ndiyo inayotuelekeza kwenye Kiswahili cha Lamu au Mombasa.