Mvuke wa petroli nao una siasa zake

Wadau, tukisema gari linachafua hewa wote tunatazama ekzosi. Kumbe petroli iliyotulia tu ndani ya tenki nayo inatoa mvuke, na mvuke huo ukipigwa jua pamoja na gesi nyingine za magari unazaa ozoni, ile inayobana vifua kule Los Angeles.

California ililiona mapema, ikadai magari ya 1970 yazuie mvuke huo. Siku hizi kopo la mkaa linaunasa, halafu injini ikipata moto vali ndogo inafunguka na mvuke unavutwa kwenda kuunguzwa. Tangu 1996 kompyuta za magari Marekani zinajipima zenyewe.

Balaa liko hapa. Taa ya injini ikiwaka, gari linafeli Smog Check na usajili haupati. Jimbo lina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, sawa, ila lazima gari lifeli kwanza! Na fundi mvivu akisoma P0441 anabadili kopo zima, bei juu.

Jamani, pima vali kwanza. Injini ya moto, iko sailensa: chomoa waya wa vali na mpira unaotoka kwenye kopo, weka kidole. Ikivuta, imekwama wazi. Isipovuta, ipe volti 12. Inatakiwa ilie "tik" na kuvuta. Dakika tano tu. Mimi naona mteja ana haki ya kuonyeshwa kipimo hicho kabla hajatoa hela.

Mlioko California, mafundi wenu wanapima au wanabadili tu?