Jino Lililong'oka Si Takataka

Aghalabu mwanafunzi anapogongwa mdomoni uwanjani, jino likang'oka, walimu humpangusa damu na kumtuliza, nalo jino huachwa mchangani kama takataka. Kwa maoni yangu, hiyo ni hasara isiyo ya lazima.

Jino la kudumu lililong'oka likiwa zima laweza kurudishwa mahali pake likashika tena. Mzizi wake umefunikwa na nyuzi hai zinazoliunganisha na mfupa wa taya. Likikaa kavu kwa dakika 60 hivi, nyingi za nyuzi hizo huwa zimekufa. Sasa, mwanafunzi wa kisiwa cha Mfangano, ambaye sharti apande mashua hadi Mbita ndipo aanze safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya Homa Bay, atamwahi vipi daktari? Hata wa Muhuru Bay, upande wa Migori, safari yake si fupi. Ndiposa nasema kwamba tabibu wa kwanza wa jino hilo ni mwalimu wa zamu.

Kazi yenyewe si ngumu. Jino lishikwe upande wa kutafunia. Mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa na mchanga, lisuuzwe kidogo tu kwa maziwa au maji safi. Mtoto akiwa na fahamu zake, lirudishwe tunduni papo hapo, naye aume kitambaa safi hadi amfikie daktari. Ikishindikana, litiwe katika maziwa baridi, na sijui ni shule gani isiyo na maziwa ya chai ya walimu! Maziwa lala hayafai. Meno ya utotoni hayarudishwi, kwani yaweza kuliumiza lile la kudumu linaloota chini yake.

Zamani Wajaluo waling'oa meno sita ya chini kwa mujibu wa mila. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba mgonjwa wa pepopunda, taya zikimfunga, angelishwa kupitia pengo hilo. Mila hiyo imefifia, lakini pepopunda ingalipo. Aliyeangukia udongoni aulizwe kuhusu chanjo.

Jino lililooza nalo lina mambo yake. Wapo wanaobandika aspirini ufizini, ilhali huunguza nyama. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi hutuliza kidogo. Lakini uvimbe unaoteremka shingoni, au unaoandamana na homa na shida ya kumeza, haungojei asubuhi: mashua au pikipiki itafutwe usiku huo huo.