Filamu ya Kutisha Si ya Kutazama Peke Yako

Imezoeleka kusemwa kwamba utamu wa filamu ya kutisha ni kuitazama peke yako, usiku wa manane, taa zimezimwa na hedifoni masikioni. Wenye imani hii huona ukumbi wa tamasha la filamu kuwa mahali pabaya kuliko pote: mamia ya watu wanapiga mayowe, wanacheka, wanashangilia damu ikiruka, na hofu yote inayeyuka. Naikataa imani hiyo, maana inachanganya hofu mbili, ya filamu na ya nyumba yako mwenyewe. Aliye peke yake sebuleni akisikia bati likilia atashtuka hata kama anatazama taarifa ya habari. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini mwongozaji hakuitengeneza yeye.

Chukua Paranormal Activity ya Oren Peli. Aliipiga ndani ya nyumba yake San Diego kwa dola zipatazo 15,000, na mwaka 2007 ikaoneshwa Los Angeles kwenye tamasha la Screamfest. DVD yake ilipofika kwa wakubwa wa studio, wazo lao la kwanza lilikuwa kuipiga upya kwa fedha nyingi. Kabla ya hapo ikawekwa ukumbini mbele ya watu wa kawaida, na baadhi wakaanza kutoka. Ikadhaniwa filamu imewachosha, kumbe hofu imewazidi. Wazo la kuipiga upya likafa, na ilipotolewa mwaka 2009 ikaingiza zaidi ya dola milioni 190 duniani. Hata tangazo lake lilijaa sura za watazamaji gizani, wakiruka vitini na kukumbatiana. Picha zilikuwa karibu zote zile zile zilizokuwa kwenye DVD. Kilichoongezeka ni watu. Ndani ya filamu hiyo kamera imetulia chumbani huku saa ikikimbia pembeni mwa picha, kisha saa inarudi ghafla kwenye mwendo wa kawaida, nawe umeshajua kwamba jambo linakuja. Nyumbani, hapo ndipo mkono unapoitafuta rimoti na jicho linapokimbilia simu. Ukumbini watu wote wananyamaza kwa mara moja, na ukimya ule unatisha kuliko chochote kilichopo kwenye skrini.

A Quiet Place, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la SXSW mjini Austin, Machi 2018, imejengwa juu ya jambo hilo hilo. Mama mjamzito anapandisha gunia la nguo ngazini, gunia linanasa msumari na kuuacha umesimama wima. Yeye haoni. Sisi tumeuona, na tangu hapo kila mguu unaokaribia ngazi ile unatukaza misuli. Siri hiyo ukiwa nayo peke yako ni wasiwasi mdogo tu. Ikiwa ya ukumbi mzima, mguno wa safu ya nyuma unafika kwako kabla unyayo haujafika kwenye msumari. Na kwa kuwa wahusika wakitoa sauti wanakufa, mtazamaji naye anaona aibu kutafuna bisi. Sebuleni, friji inanguruma na hakuna anayeona aibu.

Wapo watakaosema kelele za mashabiki wa tamasha huvunja hofu. Lakini kelele huja baada ya pigo. Ni pumzi inayotoka ili kifua kipate nafasi ya kubanwa tena, na mwongozaji mzuri huihesabu. Aliyekulia jirani na kibanda cha video anaijua pumzi hiyo. Kinachovunja hofu ni madaraka: aliye nyumbani anapunguza sauti, anasimamisha picha, anakwenda kunywa maji. Hitchcock alilifahamu hili mwaka 1960 alipotaka mtu yeyote asiingizwe ukumbini baada ya Psycho kuanza.

Hoja ngumu zaidi ni kwamba shangwe ya tamasha hudanganya. Filamu ya Hereditary ililitikisa tamasha la Sundance Januari 2018, lakini ilipofika kwenye kumbi za kawaida mwezi Juni, watazamaji waliohojiwa na CinemaScore waliipa alama ya D+. Nakubali kwamba watu wa tamasha si mahakimu wa ladha ya kila mtu. Ila wana kitu ambacho ukumbi wa kawaida haunacho: wameingia kabla ya hadithi kusimuliwa mitaani. Get Out iliwekwa Sundance kama onyesho la siri la usiku wa manane, Januari 2017. Mshtuko wa namna hiyo hauwezi kurudiwa baada ya wiki tatu za vipande vyake kuzagaa kwenye simu.

Linabaki suala la nafasi, na hili linaniuma. Wasomaji wengi wa makala haya wako mbali na Sundance, na kumbi zetu nyingi za zamani zimefungwa. Lakini uhaba haufanyi sebule kuwa bora. Unafanya tu iwe ndiyo iliyopo. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likionesha filamu usiku ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, kuta za mawe pande zote na anga tupu juu. Waandaaji waweke pale filamu moja ya kutisha, saa sita usiku, na taa za uani zizimwe zote.